Jinsi ya Kukereza Bilauri ya Mbao Yenye Shina Pogo

Wanaojifunza kukereza wakishaona bilauri ambayo shina lake linayumba huku na huku kama mlevi anayetafuta kwao, maswali huwa ni yale yale. Je, ni lazima ninunue vishikio (vifaa vya kubana mti kwenye mashine) vya bei mbaya? Nisogeze senta milimita ngapi? Mbona yangu imekatika nikiwa karibu kumaliza?

Mwongozo huu unajibu kwa kazi moja tu: bilauri ya sentimita 15 hivi, tumbo na kitako vikiwa katikati kama kawaida, shina likiwa limehamishwa mara mbili. Nachukulia kwamba mguu wa stuli au mpini wa tupa unaweza kuukereza bila kushikwa mkono. Kama bado, anza na hivyo kwanza.

Kuhusu vishikio: vipo vilivyotengenezwa mahsusi kwa kazi ya pogo, na kimojawapo kimepewa jina la Mfaransa Jean-François Escoulen, fundi anayejulikana sana kwa kazi hizi. Ni kizuri. Kwa bilauri ya kwanza hukihitaji hata kidogo.

Hesabu moja tu

Sitakuchosha na nadharia, ila hii usiiruke. Mti ukizunguka kwenye senta A, patasi inachonga duara ambalo kitovu chake ni A. Ukihamia senta B, inachonga duara jingine. Pale shina la A linapokutana na shina la B, kinachoshikilia bilauri nzima ni ile mbao iliyomo ndani ya duara zote mbili. Upana wake ni huu:

kipenyo cha shina, toa umbali kati ya A na B.

Tuseme umesogeza senta milimita 4 kila upande. Umbali kati ya A na B ni 8. Ukichonga shina la kipenyo cha milimita 10, kiungo kinabaki na milimita 2. Msasa peke yake unaikata hiyo. Sasa sogeza milimita 3 kila upande, shina liwe 12: umbali ni 6, kiungo kinabaki na 6. Hicho kinasimama. Kwa jicho, tofauti ya pogo kati ya milimita 3 na 4 ni ndogo sana. Kwa uimara ni mbali kabisa. Ndiyo maana mashina mengi ya wanaoanza yanakatikia katikati, na fundi anabaki akilaumu mti.

Mahitaji

- Mashine ya kukereza yenye kichwa (upande unaozungusha mti), mkia unaosogea (upande wa pili unaoushikilia) na egemeo la patasi. Ya kuundwa mtaani kwa mota na puli inafaa, mradi isitetemeke na uweze kubadili mwendo.
- Taya nne za kubana mti, kwa ajili ya kuchimba tumbo.
- Ncha ya kichwa ya duara: bomba fupi la chuma lenye ukingo mkali na sindano katikati. Fundi chuma anaweza kukutengenezea. Ncha ya meno manne nitaeleza baadaye kwa nini siipendi hapa.
- Ncha ya mkia inayozunguka yenyewe, iliyochongoka vizuri.
- Patasi ya kuparuzia ya mdomo mpana wa mviringo, ndogo ya mdomo wa mviringo ya milimita 10, ya mdomo wa mshazari, nyembamba ya kukatia, na moja ya kukwangulia ndani.
- Keekee ya mbao ya milimita 22 na kishikio chake cha kwenye mkia.
- Kalipa, rula, penseli kali, pomoli au msumari wa kutia alama, tepu ya karatasi.
- Msasa namba 120, 180, 240 na 320.
- Kipande cha mti laini, kama msonobari, cha kutengenezea kizibo.
- Kinga ya uso inayofunika mpaka kidevu, na barakoa ya vumbi.

Kipande chenyewe kiwe na upande wa milimita 60 kwa 60 na urefu wa 190. Nyuzi za mti ziende sambamba na urefu, kisiwe na kiini cha mti wala fundo, na kiwe kimekauka kabisa. Mti mbichi utakereza kwa raha, kisha tumbo litageuka yai na shina litachagua upande wake lenyewe.

Mti gani? Kwa kuanzia, mninga. Hausinyai sana, unakatika safi, na vipande vyake vinabaki kila siku kwa mafundi wa fanicha; ukizunguka Keko kwa Dar es Salaam hukosi. Mpingo ndio unaotoa shina jembamba la kupendeza kuliko yote, kwa sababu nyuzi zake zimeshikana na mti wenyewe unazama majini kwa uzito. Lakini unamaliza makali ya patasi upesi, na bei yake haifanani na makosa ya mwanafunzi. Uweke kwa bilauri ya tano au ya sita. Na kama una mpango wa kuwauzia wageni, ujue kwamba karibu miti yote ya jenasi ya mpingo, yaani Dalbergia, mpingo wenyewe ukiwemo, imo kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017. Ulizia masharti kabla hujafunga mzigo wa kupeleka nje.

Kabla ya kuwasha

Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko. Kanzu, khanga, mtandio unaoning'inia, mkufu, tai: vyote viwekwe kando. Nywele ndefu zifungwe. Glavu usivae, hata kama mikono inauma. Mashine ikiikamata glavu inauchukua na mkono. Vumbi la mvule na la mpingo linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo barakoa ni ya kazi nzima, si ya wakati wa msasa tu.

Swichi iwe mahali unapoifikia bila kupitisha mkono juu ya mti unaozunguka. Mashine nyingi za mtaani swichi iko ukutani nyuma ya fundi. Hamisha hiyo kwanza.

Hatua kwa hatua

1. Tia alama. Chora mistari ya kona kwa kona kwenye ncha zote mbili upate kitovu. Kiite K. Sasa chagua uso mmoja wa kipande, andika juu yake "USO" kwa penseli. Kwenye kila ncha, chora mstari unaopita K na kuelekea usoni moja kwa moja. Pima milimita 3 kutoka K kuelekea usoni: hapo ni A. Pima milimita 3 kutoka K kwenda upande wa pili: hapo ni B.

Usitumie "kulia" na "kushoto". Ukigeuza kipande kutazama ncha ya pili, kulia kunakuwa kushoto, na A ya huku inaangukia B ya kule. Mhimili utakuwa umelala mshazari badala ya kuhama sambamba, nyuzi za mti zitakatwa kwa pembe, na shina litakuwa dhaifu. Ziko kazi nzuri zinazofanywa kwa makusudi hivyo, lakini si hii ya leo.

2. Gonga alama. Piga pomoli K, A na B kwenye ncha zote mbili, vishimo vidogo na vyenye kina. Vishimo vipana vitameza vingine, kwa kuwa vimepishana milimita 3 tu.

3. Zungusha mti uwe mche duara. Funga kwenye K na K. Mwendo wa mizunguko 1000 hadi 1200 kwa dakika unatosha. Paruza mpaka kipenyo kifike milimita 54. Upande wa kichwa chonga ulimi wa kubanwa na taya, urefu milimita 12, bega lake liwe limenyooka. Usiufute uso wa ncha ya ulimi. Alama zako ziko hapo.

4. Hamisha mstari wa USO. Ukiparuza, neno USO linakwenda na maranda, na ukichimba tumbo, alama za ncha ya juu nazo zinakwenda. Kwa hiyo, mashine ikiwa imezimwa, refusha ule mstari wa kwenye ncha ya ulimi kwa penseli mpaka upande kwenye mwili wa mti, karibu kabisa na bega, upande ambako kitako kitakuwa. Huo ndio mstari mama. Utauhitaji mara mbili, basi uchore kwa nguvu.

5. Gawa urefu. Bana ulimi kwenye taya, leta mkia kwenye K ya upande wa pili. Kutoka juu pima: milimita 65 tumbo, 75 shina, 12 kitako. Kinachobaki ni cha kukatia. Washa na uchore kila mpaka kwa penseli mti ukizunguka.

6. Chonga nje ya tumbo, nusu ya juu tu. Lete umbo unalotaka kwa milimita 40 za juu. Chini ya hapo acha nene. Kishawishi cha kuchonga tumbo zima na kuanza shina ni kikubwa, na hapo ndipo kazi inapoharibikia: kuchimba ndani kunasukuma mti kwa nguvu, na nguvu hiyo lazima ipokelewe na mche mnene.

7. Chimba ndani. Weka tepu kwenye keekee kuonyesha kina cha milimita 50. Punguza mwendo hadi mizunguko 500 au chini, toboa taratibu, ukichomoa keekee kila baada ya muda kutoa unga. Kisha ondoa mkia, geuza egemeo likae mbele ya mdomo, na upanue tundu kwa patasi ndogo ya mdomo wa mviringo ukianzia katikati kwenda ukingoni. Hapa unakata mti wa kichwa, yaani ncha za nyuzi, si wa ubavu. Ukitoka ukingoni kwenda katikati nyuzi zitang'oka. Malizia kwa patasi ya kukwangulia. Kuta ziwe milimita 3 mdomoni na 4 chini. Kina chote kisizidi 55, ili sakafu ibaki milimita 10.

8. Msasa wa tumbo, sasa hivi. Ndani na nje, 120 mpaka 320. Baadaye mdomo huu utakuwa ukizunguka pogo na hutaweza kuugusa.

9. Peleka mstari juu. Bandika kipande cha tepu nje ya mdomo. Zima mashine, chomoa plagi. Weka egemeo sambamba na mti, kimo cha senta, kisha zungusha mti kwa mkono mpaka mstari mama uguse ukingo wa juu wa egemeo. Shikilia hapo. Sogeza penseli ikiteleza juu ya egemeo mpaka kwenye tepu, na uchore. Sasa mdomo unajua USO uko wapi. Hatua hii inachukua dakika moja na inarukwa na karibu kila mtu.

10. Tengeneza kizibo. Kereza msonobari uingie ndani ya tumbo mpaka uguse sakafu, ukizungushiwa karatasi laini ya jikoni. Uingie kwa kusukumwa na vidole. Ukiugonga, mdomo unapasuka. Msukumo wa mkia unatakiwa utue sakafuni, usiende kwenye kuta. Kizibo kikiwa ndani na bilauri bado kwenye taya, leta ncha ya mkia itie alama ya K. Chora mstari kuelekea alama ya tepu, pima milimita 3 huku na 3 kule: A na B zimerudi. Zungushia tepu kizibo na mdomo visiteleze.

11. Kamilisha chini ya tumbo, andaa kitako. Ungali kwenye K. Lete chini ya tumbo mpaka kipenyo cha milimita 30 hivi pale shina linapoanzia. Kitako kipe umbo la juu kwa nusu tu. Msasa hapo hapo.

12. Hamia A. Toa kwenye taya, weka ncha ya duara kichwani. A kwa A. Kaza mkia kiasi cha kushika tu. Zungusha kwa mkono mzunguko mzima, uhakikishe mdomo wala kitako havigusi egemeo. Simama kando, washa kwa mwendo wa chini kabisa, panda polepole mpaka mtetemo uanze, kisha rudi chini kidogo. Mara nyingi utaishia kati ya 600 na 800.

Utaona mwili wa mti ukiwa umezungukwa na kivuli. Kivuli ni mbao pia, na ndicho kinachovunja vidole. Weka ubao mweupe nyuma ya mashine ukionyeshe vizuri.

13. Chonga nusu ya juu ya shina. Milimita 37 za juu tu, zilizo jirani na tumbo. Patasi itapiga hewa na mti kwa zamu, tak-tak-tak, mpaka ufike chini ya kivuli. Baada ya hapo sauti inakuwa moja. Usisukume patasi iufuate mti kwenye pengo. Iweke juu ya egemeo kwa uthabiti, mgongo wa makali ukielea, acha mti ujilete wenyewe. Chukua nyembamba. Fika kipenyo cha milimita 12 ukipima kwa kalipa mashine ikiwa imesimama. Acha milimita 3 chini ya tumbo bila kugusa. Piga msasa sehemu hii kabla ya kuhama, kwa kuwa ukishahama haitazunguka tena sawasawa.

14. Hamia B, chonga nusu ya chini. Utaratibu ni ule ule, ila sasa shina la juu limekuwa jembamba na linapinda. Legeza mkia kidogo zaidi. Anzia kwenye kiungo, shuka kuelekea kitako. Usirudi juu "kusawazisha kidogo". Kila ukipita kwenye kiungo kwa senta B unakula zile milimita 6 zako. Kona itakayobaki kwenye kiungo utaiondoa kwa msasa wa mkono, mashine ikiwa imezimwa.

15. Rudi K. Mwendo wa chini. Malizia kitako, kwa chini ukikichimba kidogo kuelekea katikati ili bilauri isimame kwa ukingo wake. Kata kwa patasi nyembamba mpaka kibaki kijiti cha milimita 8, zima, kata kilichobaki kwa msumeno mdogo. Usikate mpaka mwisho mashine ikizunguka. Bilauri itaruka na shina litapokea kishindo chote.

16. Pakaza. Mafuta ya kitani yaliyopakwa membamba na kuachwa yakauke siku kadhaa, kisha nta ya nyuki, yanatosha. Ukitaka ing'ae, vanishi kwa kitambaa. Hii ni bilauri ya kuangaliwa kabatini. Chai ya moto usiimimine humo.

Ikikataa

*Ncha inarudi kwenye kishimo cha zamani.* Ndilo swali linaloongoza. Unafunga A, unawasha, unakuta inazunguka kwenye K. Kishimo cha K kimepanuka kwa kukazwa mkia kupita kiasi. Upande wa kizibo, tiba ni kutengeneza vizibo vitatu, kila kimoja na tundu lake. Upande wa ulimi, hapa ndipo ncha ya meno manne inapoponza: meno yake yanafuata mifereji iliyochimbwa mwanzo. Ya duara inaacha alama nyepesi, na kwenye K wakati wa kuchimba umetumia taya, kwa hiyo hapajachoka.

*Shina lina mawimbi kama ya parafujo.* Linatetemeka. Noa patasi kwanza, legeza mkia pili, punguza mwendo tatu. Likiendelea, lishikie kwa nyuma kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, lakini kwenye sehemu unayoichonga tu, ambayo inazunguka sawa. Ukipeleka vidole juu kidogo utakutana na tumbo linalopiga.

*Patasi inang'ata na kung'oa kipande.* Karibu siku zote egemeo liko mbali. Kila kipenyo kinapopungua, zima, sogeza egemeo, zungusha kwa mkono, washa tena.

*Mti unasimama, ncha ya kichwa inaendelea kuzunguka.* Hapo ncha ya duara imekuokoa, usiilaani. Umechukua nene mno. Kaza mkia robo mzunguko, uchukue nyembamba.

*Pogo haionekani.* Imetoka bilauri ya kawaida tu. Angalia kama A na B zako ziliishia upande mmoja, au kama ulichonga shina nene kupita 14. Kama vyote viko sawa, itazame kwa upande, USO ukiwa kulia kwako. Kwa kuitazama kutoka mbele kwenye mstari wa A na B, shina lolote la namna hii linaonekana limenyooka.

*Imekatika kwenye kiungo.* Pima kilichobaki kwa kalipa. Kikiwa chini ya milimita 5, rudi kwenye hesabu. Kikiwa 6 au zaidi na bado kimekatika, tazama nyuzi pale palipovunjika: zikiwa zimelala mshazari, kipande kilipasuliwa vibaya tangu kwenye mbao, na hakuna patasi ya kukirekebisha.

*Mdomo umepasuka wakati wa kuhamia A.* Kizibo hakikufika sakafuni, kikawa kinatanua kuta. Kipunguze unene, kirefushe.

Ukishatoa mbili tatu zilizosimama, jaribu senta tatu badala ya mbili: chora duara la nusu kipenyo cha milimita 3 kuzunguka K, uligawe mara tatu sawasawa, na shina uligawe vipande vitatu. Umbali kati ya senta moja na nyingine unakuwa milimita 5.2, kwa hiyo viungo vinakuwa na nyama kidogo zaidi, na shina linaonekana pogo kutoka kila upande unaoitazama.